Shelaki kwenye mabakuli ya mninga na mkurungu: tusiitupe, tuichanganye ipasavyo

Mkerezaji wa Isevya:

Wakuu wa ufundi, salaam kutoka Tabora.

Nafungua uzi huu kwa sababu kila nikikutana na wakerezaji wenzangu, iwe hapa mjini au wanaokuja kutoka Urambo na Kaliua, nasikia kauli ileile kuhusu shelaki, ile tunayoyeyusha kwenye spiriti na kupaka mbao ing'ae: haifai, inabaki inanata, inaweka ukungu mweupe. Halafu bakuli zuri la mninga linapigwa vanishi nzito mpaka linang'aa kama plastiki na mistari ya mti haionekani tena. Inaniuma kweli. Mti umekaa porini miaka na miaka kuipata rangi ile, sisi tunaifunika kwa alasiri moja.

Msimamo wangu ni huu: malalamiko karibu yote ya shelaki yanatokana na spiriti yenye maji na mchanganyiko uliozeeka. Ukishayamaliza hayo mawili, kazi iliyobaki ni kupaka nyembamba na kuwa na subira.

Kwa wasioijua, shelaki si utomvu wa mti. Inatoka kwa mdudu mdogo anayeitwa kitaalamu Kerria lacca, na huvunwa zaidi India na Thailand. Wadudu majike hujibandika kwenye matawi machanga, wakafyonza maji ya mti na kujifunika kwa ganda wanalolitoa mwilini mwao. Wavunaji hukata matawi, hukwangua ganda hilo, huliponda na kuliosha, kisha huliyeyusha kwa moto na kulivuta liwe shuka jembamba. Likipoa linavunjwavunjwa, na hayo ndiyo magamba yanayouzwa madukani. Kule India mti mmojawapo wanaomfugia mdudu huyu ni mkunazi, huuhuu unaotupa kunazi hapa kwetu. Mti tunao, mdudu ndiye hatuna.

Nunueni magamba makavu, msinunue ya maji iliyokaa kwenye kopo dukani bila kujulikana tangu lini. Magamba yakiwekwa mahali pakavu na penye ubaridi yanakaa muda mrefu. Yakishayeyushwa kwenye spiriti, saa inaanza kuhesabu: shelaki na pombe vinaendelea kuathiriana polepole ndani ya chupa, na baada ya miezi sita hadi mwaka hivi, kutegemea joto, unapaka na haikauki. Itabaki laini, ukishika inaacha alama ya kidole, na hata ukiisubiri mwezi haigeuki. Ndiyo ile "inanata" inayolalamikiwa. Kwa hiyo changanya kidogo kidogo, cha kutosha kazi ya mwezi mmoja au miwili, na uandike tarehe juu ya chupa. Ukiwa na wasiwasi, dondosha tone moja kwenye kipande cha kioo na uliache mpaka kesho. Ukibonyeza kwa ukucha likawa gumu, endelea na kazi. Likibonyea, mwaga.

Sasa spiriti, na hapa naomba tusikilizane. Spiriti ya kusafishia vidonda inayouzwa kwenye maduka ya dawa mara nyingi ni asilimia 70. Maana yake asilimia 30 iliyobaki karibu yote ni maji. Vitakasa mikono ndivyo hivyohivyo. Ukitia magamba humo yanageuka gundi chini ya chupa, au yanayeyuka nusunusu na ukipaka unapata ukungu. Tafuta spiriti ya asilimia 95 au zaidi, na usome lebo kabla ya kutoa hela. Nyingi huwa imetiwa methanoli ili watu wasinywe. Methanoli inapofusha na inaua, na mvuke wake nao ni mbaya, kwa hiyo fanya kazi mlangoni au nje chini ya mti, vaa glovu, na chupa isikae pamoja na vinywaji hata kidogo.

Vipimo vyangu: gramu 30 za magamba kwa robo lita ya spiriti kwa mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza, sawa na gramu 120 kwa lita. Mikono inayofuata unaweza kupanda mpaka gramu 60 kwa robo lita, lakini mimi mara nyingi nabaki kwenye 30 na kuongeza idadi ya mikono. Ponda magamba, tia kwenye chupa ya kioo, tikisa kila ukipita, acha yalale usiku. Usitumie kopo la bati, kwa sababu shelaki ikikutana na chuma inakuwa nyeusi. Asubuhi chuja kwa soksi ya nailoni. Tope jeupe utakaloliona chini ni nta ya shelaki yenyewe. Kwenye bakuli haina madhara, ila kama unataka mng'ao safi, mimina taratibu ile ya juu na uache tope.

Bakuli liwe kavu kabisa na msasa umefika angalau namba 320. Shelaki haifichi mkwaruzo, inautangaza. Kabla ya kupaka nafuta vumbi kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na hapo mikwaruzo yote iliyosahaulika inajitokeza. Bora uione wakati huo.

Mashine ya kukereza isimame. Kunja kipande cha fulana kuukuu ya pamba, kichovye, kikamue, kisha anzia katikati ya bakuli uende ukingoni kwa mwendo mmoja. Ukishapita usirudi. Shelaki inaanza kushika ndani ya sekunde chache, na ukirudi kitambaa kinanasa na kuacha kovu. Umeruka sehemu? Iache, mkono wa pili utaifikia. Kila bakuli lina sehemu mbili zinazotazamana ambako nyuzi za mti zimekatwa kichwani. Hizo zinakunywa kuliko kwingine na zinabaki zimefifia wakati pembeni kunang'aa, basi zipe mkono mmoja wa ziada peke yake kwanza. Subiri kama saa moja, pitisha msasa namba 400 kwa mkono mwepesi, futa, rudia. Mikono mitatu au minne inatosha.

Mkono wa mwisho ndio ninaoupenda. Washa mashine kwa mwendo mdogo, mizunguko kama 500 kwa dakika, chukua kitambaa kilichokaribia kukauka, ongeza matone mawili matatu ya mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) ili kiteleze, na ukibonyeze taratibu kwenye bakuli linalozunguka. Joto la msuguano linalainisha ile ngozi ya juu na kuilaza. Unaona kabisa mng'ao unatembea kutoka katikati kwenda ukingoni kufuata mkono wako. Onyo: kitambaa kisizungushwe kwenye vidole hata mara moja. Kikinaswa na mashine kinaondoka na vidole. Wengine hutumia karatasi laini ya kujifutia kwa sababu yenyewe inachanika, na mimi nawaunga mkono.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia uwanja ni mkurungu. Rangi yake nyekundu inayeyuka kwenye spiriti. Kama bakuli umeliachia ukingo wa ile mbao nyeupe ya nje, ukifuta kutoka kwenye wekundu kwenda kwenye weupe, ukingo wote unakuwa wa waridi na hautoki. Anza na weupe peke yake, upe mikono miwili ikauke, ndipo uingie kwenye wekundu, na kitambaa kiwe kingine. Mninga nao una tabia hiyo kidogo, ila si kwa kiasi hicho.

Karibuni kwa maswali na kwa kupingwa.

Fundi wa Ujiji:

Mkuu, shukrani, uzi umeshiba. Mimi niko Kigoma, karakana haiko mbali na ziwa. Tatizo langu ni huo ukungu mweupe. Spiriti ninayotumia ni ya asilimia 95 na lebo nimesoma. Asubuhi nikipaka, dakika kumi tu bakuli limepauka. Mchana wakati mwingine haitokei. Nini hiki?

Mkerezaji wa Isevya:

Kaka, jibu umelitoa mwenyewe uliposema asubuhi. Spiriti inapokauka inakimbia na joto, uso wa bakuli unapoa kuliko hewa iliyouzunguka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji yanatua juu ya shelaki ambayo bado mbichi na kunaswa humo. Hata sisi huku bara tunayapata hayo masika, Desemba mpaka Machi, tukipaka wakati kumetoka kunyesha. Ninyi mna ziwa mlangoni, kwa hiyo yanawafuata hata miezi mingine.

Paka kuanzia saa tano hivi, jua likishakausha hewa. Paka nyembamba zaidi, maana spiriti nyingi inapoza zaidi. Na chupa yako isikae wazi, spiriti inavuta maji kutoka hewani. Ile uliyonunua ikiwa ya 95, ukiifungua kila mara kando ya ziwa haitabaki 95. Hamishia kwenye chupa ndogondogo zilizojaa, ufungue moja moja.

Bakuli lililokwisha kupauka usilikwangue. Siku yenye hewa kavu lowesha kitambaa kwa spiriti kidogo mno, kiwe na ubaridi tu ukikigusa shavuni, upitishe haraka juu. Shelaki inalainika, maji yanatoka, weupe unaondoka.

Mama Asali Sikonge:

Habari zenu wanangu. Mimi si fundi, nauza asali na nta. Swali langu ni moja: Tabora hii tuna nta ya nyuki, chuo cha ufugaji nyuki kiko hapahapa mjini, kwa nini tuhangaike na mdudu wa India? Mabakuli ya nyumbani kwangu nayapaka nta na yanapendeza.

Mkerezaji wa Isevya:

Shikamoo Mama. Swali ni zuri na sitaki lionekane kama napingana na nta yetu. Kila bakuli linalotoka kwangu linamalizikia na nta ya Sikonge au Inyonga. Ila nta peke yake ni laini. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, vumbi linaishika, na tone la maji likikaa linapenya mpaka kwenye mbao. Shelaki inaziba, nta inalinda shelaki na kuipa ule mguso mzuri mkononi. Kwa hiyo ni shelaki kwanza, inakaa kama wiki ikomae, kisha nta juu.

Ninyi mnapikaje ya kwenu? Naomba uwaeleze vijana, kwa sababu nimeona watu wanaweka nta moja kwa moja juu ya mkaa.

Mama Asali Sikonge:

Marahaba. Juu ya mkaa hapana jamani, ikishika moto utaikimbia nyumba. Chukua sufuria kubwa yenye maji, ndani weka kopo lenye nta, maji yakichemka nta inayeyuka yenyewe. Nachanganya fungu moja la nta kwa mafungu manne ya mafuta ya parafini yale meupe ya duka la dawa, ambayo watu huyanywa wakifunga choo. Si mafuta ya taa! Nalisema kwa nguvu kwa sababu kuna waliochanganya majina. Epua, koroga mpaka ipoe. Mafuta ya kupikia sishauri, yanaweza kuchacha na bakuli likanuka.

Kijana wa Nzega:

Wakuu, heshima kwenu. Spiriti ya 95 huku kwetu ni ya kubahatisha. Gongo haiwezi kusaidia? Inawaka moto vizuri kabisa. Halafu babu ana santuri za zamani zile nzito, nimesikia zimetengenezwa kwa shelaki. Zilizovunjika naweza kuziyeyusha?

Mkerezaji wa Isevya:

Kijana, gongo iache. Kwanza ni haramu kisheria, pili ina maji mengi. Kuwaka moto si kipimo, pombe yenye nusu maji nayo inawaka. Kipimo cha kweli ni kijiko kimoja cha magamba kwenye kikombe cha kioo. Yakiyeyuka yote na kuacha maji ya rangi ya chai yenye tope kidogo, iko sawa. Yakishikamana kuwa donge, hiyo si ya kazi hii. Wakulima na walimu wanaosafiri kwenda Mwanza au Dar waagizwe chupa, lita moja inakwenda mbali sana kwa vipimo nilivyotoa.

Kuhusu santuri, ni kweli zile za mizunguko 78 zilitengenezwa kwa shelaki kabla ya plastiki ya vinaili kuzipokea nafasi. Lakini sehemu kubwa ya uzito wake ni unga wa mawe na masizi. Ukiziyeyusha utapata uji mweusi wenye mchanga. Mwachie babu santuri zake, hata zilizovunjika.

Seremala wa Ng'ambo:

Mimi napinga kidogo, na nasema kwa heshima. Miaka yote nafanya na sila ya kuzibia mbao na vanishi ya kupuliza. Naanza asubuhi, jioni bakuli liko kwa mteja. Mteja anataka linalong'aa na asilolazimika kulibembeleza. Hiyo shelaki yako ukiweka chai ya moto inaweka duara, ukiosha kwa sabuni inapauka. Hoteli iliyoniagiza bakuli za matunda ishirini haiwezi kuwafundisha wahudumu wote. Niambie shelaki inanisaidia nini hapo.

Mkerezaji wa Isevya:

Kwa hoteli, seremala, uko sahihi na nisingekushauri ubadili. Shelaki inalainika kwenye nyuzi joto 75 hivi, chungu cha moto kinaiharibu. Sabuni kali, majivu, magadi na amonia vinaiyeyusha, na pombe kali ikimwagika ikaachwa inakula. Mteja wangu namwambia kabla hajalipa: hili ni la matunda, karanga, korosho, mkate, au la kupamba meza. Si la uji, si la mboga yenye mchuzi, si la kulowekwa kwenye beseni. Linafutwa kwa kitambaa chenye unyevu na kukaushwa hapohapo. Asiyekubali masharti hayo namtengenezea la nta na mafuta matupu, analipaka mwenyewe kila likififia.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye bakuli ambalo mtu amelinunua kwa sababu ya mti wenyewe. Vanishi ya kupuliza ikichubuka miaka mitano baadaye, inabidi uikwangue yote. Shelaki mpya inayeyuka na kuungana na ya zamani, hakuna mstari. Unafuta, unapaka mkono mmoja, limekuwa jipya.

Seremala wa Ng'ambo:

Hilo la kukarabati nakubali. Ila kwa mkate wangu wa kila siku nabaki na kupuliza. Nitajaribu shelaki kwenye vile vibakuli vidogo vya mkurungu ambavyo vanishi inavitia giza.

Mama wa Wawili:

Samahani kwa kuingilia. Nina bakuli la shelaki nililopewa zawadi ya harusi, wanangu wanaweka karanga humo. Kitu kinachotoka kwa mdudu na kuyeyushwa kwa spiriti yenye sumu, hakiwadhuru?

Mkerezaji wa Isevya:

Dada, ondoa shaka. Shelaki yenyewe inaliwa, inapakwa kwenye pipi na vidonge vya dawa ili ving'ae, na kwenye pakiti utaiona imeandikwa E904. Kinachotakiwa ni spiriti yote iwe imetoka, na kwa mikono myembamba inatoka haraka. Mimi huliacha bakuli wiki nzima kwenye hewa kabla ya kuliuza. La kwako la harusi limeshapita muda huo zamani. Waache wale karanga.

Fundi Kasulu:

Naongeza jambo moja ambalo naona limepitwa haraka, mafuta ya linsidi. Karakana ya jirani yetu iliungua usiku bila mtu kuacha moto. Walikuwa wamefinyanga vitambaa vya linsidi na kuvitupa kwenye boksi lenye vumbi la mbao. Mafuta yale yanapokauka yanatoa joto, kitambaa kikiwa kimekunjwa joto halina pa kwenda, linapanda mpaka kinajiwasha. Tulipofika asubuhi mashine ya kukereza ilikuwa imebaki chuma kitupu. Tandazeni vitambaa kimoja kimoja nje juu ya mawe mpaka vikauke kabisa, au vitumbukizeni kwenye ndoo ya maji. Msiseme ni matone mawili tu.

Mkerezaji wa Isevya:

Asante sana fundi, na poleni. Wote mliosoma maelezo yangu ya mkono wa mwisho, someni na hili la Fundi Kasulu kabla hamjafungua chupa ya linsidi. Niongezee barakoa pia: vumbi la mninga linabana kifua, wapo wanaopata pumu kwa sababu yake.

Fundi wa Ujiji:

Mkuu, nimerudi. Nimepaka saa sita mchana, chupa mpya, nyembamba. Limetoka safi, halina ukungu. Sasa nina bakuli la mteja limerudi na duara la glasi ya maji katikati. Lile lile la spiriti kidogo litafanya kazi?

Mkerezaji wa Isevya:

Angalia rangi ya duara kwanza. Likiwa jeupe, maji yako ndani ya shelaki tu. Toa nta kwanza, ifute kwa tapentaini, kisha pitisha kile kitambaa chenye spiriti kidogo siku ya hewa kavu, subiri ikauke, weka mkono mmoja mwembamba na nta mpya baada ya wiki. Likiwa jeusi, maji yamepita mpaka kwenye mbao, na mara nyingi kuna chuma kimehusika, kopo au kifuniko chenye kutu. Hapo spiriti haisaidii. Lirudishe kwenye mashine, kata ile ngozi ya juu, na uanze upya na msasa.